Malaba hadi Katuna: wapi lori linalala na dereva naye akalala

Ukiwauliza madereva wa masafa marefu kituo kizuri cha kulala ndani ya Uganda, utatajiwa kuku wa Namawojjolo, nyama choma ya Lukaya, na baa fulani yenye skrini kubwa ya mpira. Usingizi hautajwi. Basi hapa vituo vya barabara ya kutoka Malaba, mpaka wa Kenya, kupitia Kampala na Mbarara hadi Katuna, mpaka wa Rwanda, vimepimwa kwa jambo moja: ukizima injini saa mbili usiku, itakapofika saa kumi alfajiri utakuwa umelala saa ngapi za kweli? Chakula na bafu vina nafasi yao, ila ni ya pili.

Tuanze na hesabu, maana bila hiyo kila kituo kitaonekana kizuri. Malaba hadi Katuna ni kilomita 650 hivi. Trela la ekseli sita lililojaa, kwa matuta ya kila senta ya biashara, milima, mizani na msongamano wa Kampala, lipangie wastani wa kilomita 45 kwa saa, usilipangie zaidi. Hizo ni saa 14 na nusu za usukani tupu. Sheria ya Ajira ya Uganda ya mwaka 2006 inaweka saa 48 za kazi kwa wiki, na hata ukiongeza ovataimu, kwa kawaida usipite saa 10 kwa siku wala 56 kwa wiki. Kanuni za Ulaya zinamtaka dereva apumzike dakika 45 kila baada ya saa 4 na nusu, na usukani usizidi saa 9 kwa siku, ila siku mbili za wiki anaruhusiwa 10. Shika hesabu uitakayo kati ya hizo, jibu ni lile lile: haiishi kwa siku moja. Na ukiongeza saa zinazoliwa na mpaka, inahitaji kulala njiani mara mbili.

Wapo wanaoimaliza kwa mkupuo mmoja, na yadini wanasifiwa kwamba wale ndio wachapakazi. Mwili hauzijui sifa hizo. Mtu aliyekaa macho saa 17 hupungukiwa umakini kama mwenye pombe ya asilimia 0.05 kwenye damu. Akifikisha saa 24 ni kama ana 0.10. Na kusinzia kwa sekunde 4 tu, kwa mwendo wa kilomita 60 kwa saa, ni mita 67 ambazo lori limekwenda peke yake. Mairungi (miraa) na vinywaji vya kuchangamsha haviondoi deni hilo, vinalisogeza mbele. Mara nyingi linaangukia kati ya saa nane na saa kumi na mbili alfajiri, muda ambao mwili wa binadamu unataka kulala hata kama jana ulilala vizuri.

Malaba yenyewe haifai kulala. Tangu utaratibu wa forodha ya pamoja uanze mwaka 2014, karatasi nyingi humalizwa kabla lori halijafika mpakani, lakini foleni haijaisha. Foleni inayosogea mita 30 kila robo saa ni mbaya kuliko safari, kwa sababu inafanana na kupumzika. Usingizi huupati, na mwajiri haiiti kazi. Yeye anahesabu kuanzia geti la mpaka. Mwili umeanza kuhesabu ulipoamka Eldoret. Kanuni ya Marekani imelielewa hili: dereva akishaanza kazi ana saa 14, muda wa foleni unaliwa humo humo, na ndani ya hizo asiendeshe zaidi ya 11. Njia rahisi ya kuifuata hapa ni kuandika saa uliyoamka kwenye kipande cha karatasi na kukibandika karibu na spidomita. Uliamka saa kumi na moja alfajiri na umetoka getini saa kumi na moja jioni? Umebakiwa na saa mbili. Kampala isahau.

Na usimwachie tanboi, au utingo kama wasemavyo Watanzania, alisogeze lori foleni nzima ili wewe ulale, kama hana leseni ya daraja la magari mazito. Akigusa gari la mbele, maswali yote yatakujia wewe.

Saa mbili hizo zinakufikisha Naluwerere, pale Bugiri, kilomita 65 hivi kutoka mpakani. Naluwerere ni senta iliyokua kwa ajili ya malori: loji, yadi, mama wa chakula, fundi wa mataili, na Kiswahili kinatosha tangu unaposhuka hadi unapoondoka. Ndiyo sababu ina kelele. Ukiegesha kando ya lami mbele ya maduka, muziki utakuweka macho hadi saa saba, kisha mabasi ya usiku yatapokea zamu. Alama 3 kwa 10. Ukiingia kwenye yadi ya nyuma, iliyo mbali na barabara, senta hiyo hiyo inapata 6, hata 7.

Yadi nzuri unaijua kabla hujazima injini. Ina ukuta na geti moja, si mawili. Mlinzi anaandika namba ya gari na ya trela, wala hapokei pesa tu na kurudi kwenye kiti. Taa inamulika matangi na milango ya kontena, haimuliki kioo chako cha mbele. Halafu tazama chini: kokoto au murram iliyoshindiliwa itabeba tani 50, lakini udongo mweusi baada ya mvua ya usiku utakumeza ekseli za nyuma, na asubuhi utamlipa mtu wa kukuvuta. Uliza ada ni ya usiku mmoja au ya saa 24, na udai risiti. Swali ambalo wengi hulisahau ni hili: lori litakaloegeshwa mbele yako linaondoka saa ngapi? Kuna watu wamefungiwa ndani hadi saa tatu asubuhi kwa sababu mwenye gari la mbele kalala loji na simu kaizima. Ingia kinyumenyume, kichwa kitazame geti.

Kwa wezi wa dizeli, kufuli ya mfuniko ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni wavu wa chuma ndani ya shingo ya tangi unaozuia mpira kuingia, na kuegesha upande wa tangi kubwa karibu kabisa na ukuta au lori la jirani, mtu asiweze kuinama pale. Milango ya kontena nayo igusane na ukuta, au mgongo kwa mgongo na trela jingine. Mzigo wa transiti wenye sili ya kielektroniki unaonekana kwenye mitambo ya forodha. Ukiacha njia iliyowekwa au ukisimama mahali pasipoeleweka, unapigiwa simu. Kwa hiyo yadi nzuri iliyo kilomita tano ndani ya kijiji, hata ikiwa na utulivu wa peponi, si yako.

Sasa namna ya kulilaza lori lenyewe. Kitanda cha kabini kimewekwa kwa upana, nyuma ya viti, kutoka mlango hadi mlango. Lori likiinama mbele au nyuma, kichwa chako hakipandi wala hakishuki. Unabiringika tu kuelekea migongo ya viti au ukuta wa nyuma. Mwinamo wa kando ndio unaoamua kichwa kiwe juu au chini. Lami imeinuliwa katikati ili maji yateremke pembeni, na Uganda tunaendesha kushoto, kwa hiyo lori lililosimama kando ya barabara limelalia kushoto. Mto uwe kulia, ndio upande wa dereva kwa gari la usukani wa kulia. Kwenye yadi huwezi kukisia, basi chukua chupa ya maji iliyokaribia kujaa, ilaze juu ya godoro kufuata urefu wa kitanda, uone povu la hewa linakimbilia wapi. Huko ndiko juu, huko ndiko kichwa. Wanaolala kinyume huamka saa tisa usiku pua zimeziba na kichwa kinagonga, wakasingizia mchuzi.

Injini isiungurume usiku kucha. Injini ya lita 12 ikiunguruma lori likiwa limesimama inakunywa lita 2 hadi 3 za dizeli kwa saa, na mtetemo wake unapita godoro lolote. Feni ndogo ya volti 24 inatosha, mradi betri zote mbili ni za umri mmoja. Zimeungwa mfululizo, ukibadilisha moja na kuiacha ile kuukuu, mpya nayo inachoka mapema na asubuhi starta inagonga tu. Na kama jirani yako ni lori la friza la samaki, hama. Mtambo wake unawaka na kuzima hadi alfajiri, na kelele inayokatika na kurudi inaamsha kuliko kelele ya mfululizo. Acha malori matatu katikati yenu.

Kutoka Bugiri kuelekea magharibi, mizani ya Magamaga inaweza kula nusu saa au nusu siku, kutegemea mzigo ulivyokaa. Kikomo cha Afrika Mashariki ni tani 8 kwa ekseli ya usukani, 18 kwa ekseli mbili za nyuma ya kichwa zenye mataili mawili mawili, na 24 kwa tatu za trela. Jumla 50 kwa gari la ekseli sita, na 56 kwa la saba. Gari linaweza kuwa chini ya jumla na bado likazidi kwenye kundi moja la ekseli, kwa sababu mzigo umejazwa mbele. Hilo lipangwe bandarini, maana kulipanga Magamaga ni kulitoa kwenye saa zako za kulala.

Giza likiingia kati ya Kakira na Lugazi, punguza mwendo kuliko unavyodhani inafaa. Hiyo ni nchi ya miwa, na trekta zinakokota trela za miwa zisizo na taa wala kiakisi, rangi yake ni ile ile ya giza. Jinja unavuka kwa daraja jipya la Nile lililofunguliwa Oktoba 2018, kisha unaingia Mabira. Ndani ya msitu usisimame usiku, hata kwa haja ndogo. Najjembe pana soko na watu, simama hapo.

Kwa atakayetoka Malaba kabla ya saa sita mchana, pa kulala si Naluwerere. Ni kipande kati ya Lugazi na Mukono. Sababu si raha ya mahali bali ni Kampala. Ukiamkia Bugiri saa kumi alfajiri, utaikuta Mukono na Seeta saa mbili asubuhi, watu wote wakienda kazini, na saa mbili nzima za usukani zitaishia kwenye gia ya kwanza. Ukiamkia upande huu wa Mukono, saa kumi na nusu uko barabarani, unapanda barabara ya mchepuko pale Bweyogerere, kilomita 21 hadi Busega, na kabla jua halijachomoza mji umeuacha nyuma. Kwenye vituo vya mafuta vya kipande hiki uliza kama wanaruhusu kulala. Vingine vinakubali ukijaza dizeli kwao. Usiegeshe karibu na pampu, kwa sababu ya harufu na kwa sababu kila gari linaloingia litakumulika.

Namawojjolo iko humo humo, na chakula chake kinastahili jina lake. Wachuuzi wenye aproni za namba wanakimbilia dirisha na mishikaki ya kuku, ini, gonja (ndizi za kuchoma) na maji baridi. Chagua kipande kinachotoka motoni sasa hivi. Kilichorudishwa motoni mara ya pili ngozi yake hukakamaa na nyama hukauka karibu na kijiti. Kuku na gonja moja vinatosha kuendesha. Sahani ya matoke na posho (ugali) kwa pamoja ni chakula cha mtu anayekwenda kulala, basi ukile ukishazima injini, saa mbili kabla ya kujinyoosha. Aliyekula hivyo saa saba mchana kisha akaendelea atakutana na usingizi wa saa nane hadi saa kumi akiwa Lwera, kwenye barabara iliyonyooka katikati ya kinamasi.

Lwera inataka macho. Mei 2023 mafuriko yaliharibu daraja la Katonga na malori yakazungushwa kupitia Mpigi na Sembabule. Msimu wa mvua weka saa tatu za akiba kwenye mpango wako, na ukisikia habari ya maji, amua ukiwa bado upande wa Kampala penye nafasi ya kugeuza.

Lukaya ni pazuri kwa mapumziko mafupi, pabaya kwa usiku. Nyama choma ni nzuri, mizani iko hapo hapo, na wachuuzi hawalali. Itumie kwa ule usingizi wa dakika 20. Namna yake: kunywa kikombe cha kahawa haraka, weka kengele ya simu dakika 20, rudisha kiti nyuma, funga macho. Kahawa inachukua karibu nusu saa kufika kichwani, kwa hiyo unaamka inapoanza kufanya kazi. Usivuke dakika 30. Ukiingia usingizi mzito ukakatizwa, kwa robo saa au zaidi utakuwa mzito kuliko ulivyokuwa kabla ya kulala. Shuka, zunguka lori, weka kiganja karibu na kila habu (kitovu cha gurudumu) bila kuigusa. Habu moja ikiwa ya moto kuliko wenzake, breki inashika au bearing inaondoka, na hilo ni bora ulijue Lukaya kuliko mbele.

Lyantonde. Jina lake lilitajwa sana kwenye tafiti za UKIMWI tangu miaka ya 1980, kwa sababu hiyo hiyo ya malori kulala pale, na wenyeji wamechoka kulisikia hilo. Kama mahali pa kulala, ni bora kuliko Naluwerere: hewa ni baridi zaidi, yadi si za kubanana sana, na baa ziko upande wa barabara, kwa hiyo ukizipa mgongo unazisahau. Alama 7. Inamfaa aliyechelewa kutoka Kampala. Mwenye dawa za kila siku, za presha, sukari au ARV, abebe za safari nzima na za siku saba juu yake. Mpaka ukifungwa, dawa haziletwi na tanboi wa gari lingine.

Aliyepita Kampala alfajiri ataweza kufika Mbarara mchana na kulala Ruti, njia ya kwenda Kabale. Ruti ina mafundi, vipuri na yadi, lakini uliza majirani wako wamebeba nini. Lori la ng'ombe halinyamazi na harufu yake haina adabu. Malori ya matoke yanapakia jioni na kuondoka usiku wa manane kwa kelele zote. Ukipata kona yenye makontena matupu, umepata kitanda kizuri kuliko vyote vya barabara hii. Alama 8 kwa kona hiyo, 4 kwa pengine.

Usishawishike kumalizia Kabale usiku huo. Ntungamo sawa, ni kilomita 65 mbele na njia si ngumu. Baada ya hapo ni milima ya Rwahi, kona, ukungu wa alfajiri, na mteremko unaotaka mguu wa mtu aliyelala vizuri. Teremka kwa gia ile ile ambayo ungepandia, au chini yake, ukitegemea breki ya injini. Breki ya mguu ikikanyagwa mfululizo ngoma zinachemka, na harufu ukiipata tayari nguvu imepungua. Dereva aliyechoka anachelewa kushusha gia, na chini ya mteremko huo kuchelewa hakuna dawa.

Kama hati zako zinaruhusu kutokea Mirama Hills, mpaka mwingine wa Rwanda, pale Ntungamo kuna njia ya lami ya kilomita 37 inayokuepusha na milima yote hiyo. Katuna ilipofungwa Februari 2019 malori yaliipitia, na hata baada ya kufunguliwa mwishoni mwa Januari 2022 wapo ambao hawakurudi. Mpaka wa kutokea umeandikwa kwenye hati, basi hili mwambie wakala wako kabla mzigo haujaondoka Mombasa.

Kwa wanaoendelea Katuna: Kabale ina baridi ya kweli usiku, blanketi zito na soksi si anasa, na kulala ukiwa umejikunja kwa baridi hakuhesabiwi. Asubuhi fungua koki za mitungi ya upepo utoe maji yaliyokusanyika, washa injini, subiri geji ipande hadi breki zote ziachie, kisha sikiliza kando ya trela kama kuna mpira unaovuja. Kutoka hapo ni kilomita 22 hivi hadi mpakani. Ukiondoka saa kumi na mbili utakuta foleni fupi, na saa ile ya kuamka uliyoibandika kwenye spidomita itakuwa bado changa.